Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za hisabati na kompyuta katika vyuo vya Bujumbura

Waheshimiwa wakuu wa idara, pamoja nanyi walimu mnaoandaa kozi,

Mimi ni mtunga programu hapa Bujumbura. Mchana naandika programu za maduka na maghala, na jioni huketi katika mtaa wa Buyenzi na wanafunzi wa vyuo vyenu wanaokuja na madaftari yao ya vekta na matriksi. Hao ndio walionionyesha karatasi ninayotaka kuizungumzia: kurasa mbili za fotokopi ambazo chuo kimoja cha hapa mjini kiliwagawia siku ya kwanza ya kozi ya hisabati ya gemu. Chuo chenyewe sikitaji, maana masharti ya namna ile nimeyaona katika kozi nyingine pia, na ninachoomba kirekebishwe ni masharti hayo popote yalipo.

Karatasi ina kichwa “Masharti na Matarajio”. Masharti yamejaza kurasa zote mbili. Matarajio yamepewa sentensi moja, kwamba mwanafunzi atayatii masharti. Hakuna mahali palipoandikwa atakachoweza kukifanya kozi ikiisha.

Naandika kwa uchungu kwa sababu kozi yenyewe nimeitamani kwa muda mrefu. Kijana aliyeichukia hisabati tangu shule ya msingi huanza kuipenda pale anapoona namba aliyoiandika mwenyewe inamfanya mtu aruke kwenye kioo. Nimelishuhudia hilo jioni nyingi. Kozi kama hii ingeweza kuwarudisha vijana ambao shule iliwapoteza, na karatasi ile inawafukuza kabla hawajafungua daftari. Hoja zangu ni hizi.

1. Kozi haisemi inamfundisha mtu nini. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza kama kozi hii itamsaidia kutengeneza gemu la askari anayelinda lango. Karatasi haikuwa na jibu, nikamchorea. Askari amesimama anatazama mashariki, kwa hiyo vekta ya macho yake ni (1, 0). Mwizi yuko hatua 3 mashariki yake na hatua 4 kaskazini, yaani (3, 4), umbali wa hatua 5. Zao la nukta la vekta hizo mbili ni 3. Ligawe kwa 5, unapata 0.6, ambayo ni kosaini ya pembe ya nyuzi 53 hivi. Askari wetu anaona nyuzi 45 tu kila upande, basi mwizi amepita. Binti akachukua kalamu, akamsogeza mwizi hadi (4, 3). Kosaini ikawa 0.8, pembe ikashuka hadi nyuzi 37 hivi, mwizi akaonekana. Hakuniuliza tena kama kozi ina faida.

Andikeni matarajio kwa namna hiyo. “Mwisho wa kozi mwanafunzi ataweza kuamua kwa hesabu kama kitu kimoja kinakiona kingine.” Andikeni jingine la vitu vinavyogongana, na jingine la mwendo wa kitu kilichorushwa hewani kikavutwa chini. Halafu semeni wazi mtu anatakiwa ajue nini kabla ya kujisajili: saini na kosaini za sekondari, na uwezo wa kuandika programu fupi katika lugha yoyote ya kompyuta. Wapo waliolipa ada bila kuambiwa hilo, wakaja kuligundua kozi imeshashika kasi na muda wa kubadilisha umepita.

2. Laptopu, umeme na saa sita usiku. Karatasi inataka kila mwanafunzi awe na laptopu yake. Inataka pia kila kazi itumwe kwa intaneti kabla ya saa sita usiku, na ikichelewa hata dakika moja ni sifuri. Waheshimiwa, mnajua watoto hawa wanatoka wapi. Mnajua umeme wa mitaa ya Kinama na Kamenge unavyokatika, na kwamba mtu anaweza kuwa amemaliza kazi yake tangu saa mbili, kisha akakaa gizani hadi alfajiri na kazi imo ndani ya mashine iliyozima. Nimeona wanafunzi watatu wakitumia laptopu moja kwa zamu, mmoja akilala ili amwachie mwenzake, kisha aamshwe zamu yake ikifika. Bando lenyewe linanunuliwa kwa fedha ya chakula.

Mageuzi ya BMD (shahada ya kwanza, umahiri na uzamivu) yaliyoletwa na sheria ya mwaka 2011 yalikuja na hesabu ya krediti, na katika hesabu hiyo saa za kazi binafsi za mwanafunzi zinahesabiwa pamoja na saa za darasani. Basi chuo kinachomdai mwanafunzi saa hizo kina wajibu wa kujiuliza atazifanyia wapi.

Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alinunuliwa laptopu na mama yake aliyeweka akiba kwa miaka mitatu mpaka ikafika dola 300. Alikuwa akitembea saa nyingi kwenda kuichaji. Akajifundisha mwenyewe kutengeneza gemu, na gemu lake la Salaam, linalohusu mkimbizi anayekimbia vita, likamfikisha Marekani na kwenye jukwaa la tuzo za gemu za mwaka 2018. Watu humtaja kijana huyo kama mfano wa juhudi. Mimi namtaja kwa sababu nyingine: kwa masharti ya karatasi ile angepata sifuri tangu kazi ya kwanza.

Naomba maabara ya kompyuta ifunguliwe jioni na Jumamosi. Naomba kazi ipokelewe kwa fleshi darasani, na kila mwanafunzi apewe nafasi mbili kwa semista za kuchelewa saa 48 bila kuulizwa sababu. Naomba programu ya kufundishia iwe Godot, ambayo ilianzia Argentina na tangu mwaka 2014 iko wazi kwa kila mtu bila malipo. Haifiki megabaiti 200, inanakiliwa kwa fleshi kutoka mkono hadi mkono, na inafanya kazi kwenye mashine za zamani.

Na kazi ya kwanza isihitaji umeme kabisa. Ubao wa ikibuguzo uko katika mitaa yetu, kama bao lilivyo kwa ndugu zetu wa pwani: safu 4 za mashimo 8, kete 64, kila mchezaji na mashimo yake 16. Mwambieni mwanafunzi ayape mashimo yake namba, kisha atabiri kete ya mwisho itaangukia wapi kabla ya kuzisambaza. Akianza na kete 7 za shimo la 13, anafika 20, anatoa 16, anaishia shimo la 4. Hiyo ni hesabu ya mabaki, ile ile inayohitajiwa na gemu lolote ambalo mhusika akitokea ukingo wa kulia wa kioo anaingilia wa kushoto. Wazee wanaocheza barazani wanaipiga kichwani kwa kasi ambayo wanafunzi wangu hawaifikii.

3. “Kazi isiyoendeka kwenye kompyuta ya mwalimu ni sifuri, bila maelezo.” Sharti hili ndilo lililonikalisha kuandika barua. Kijana mmoja alitengeneza mhusika anayeruka kutoka kwenye paa na kutua chini. Kwenye mashine ya rafiki yake, aliyoazima kwa siku moja, kila kitu kilikwenda vizuri. Mbele ya darasa, kwenye kompyuta ya mwalimu iliyokuwa imeunganishwa na projekta, mhusika aliruka, akapenya sakafu na kupotelea chini ya kioo. Akaandikiwa sifuri pale pale. Alinijia akiamini kwamba hajui fizikia.

Tulikaa tukafanya hesabu. Mashine ya rafiki yake ilichora picha 60 kwa sekunde. Mhusika anayeanguka kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde hushuka sentimita 20 kati ya picha moja na inayofuata. Sakafu ina unene wa nusu mita, kwa hiyo lazima ipo picha ambayo miguu yake imo ndani ya sakafu, na hapo programu inatambua kwamba wamegongana. Kompyuta ya mwalimu ilikuwa imeelemewa, ikichora picha 15. Hapo mhusika anashuka sentimita 80 kwa mara moja. Kwenye picha hii yuko juu ya sakafu, kwenye inayofuata yuko chini yake, na katikati programu haikuangalia kitu.

Watengenezaji wa gemu dunia nzima wanalifahamu tatizo hilo na dawa zake. Unaweza kuipa fizikia hatua za muda zisizobadilika hata kama picha zinakuja polepole. Unaweza pia kuchunguza njia yote aliyopita mhusika badala ya mahali alipofikia tu. Somo zuri kuliko yote katika kozi lilikuwa limejileta lenyewe mbele ya darasa zima. Laiti mwalimu angeuliza “kwa nini amepenya?”, saa iliyobaki ingetosha kufundisha yote hayo, na kila aliyekuwamo asingesahau. Sifuri iliufunga mlango huo, na mwenye mashine dhaifu akabaki akidhani tatizo ni akili yake.

Badilisheni sharti hilo. Kazi isiyoendeka irudishwe na swali moja lililoandikwa, mwanafunzi apewe wiki moja, na atakayeeleza chanzo cha kosa apate sehemu kubwa ya alama hata kama hajamaliza kulirekebisha.

4. Mtihani. Una uzito wa asilimia 70, unaandikwa kwa mkono, na katika mfano waliopewa wanafunzi kuna swali la kuzidisha matriksi mbili za 4 kwa 4. Hapo kuna kuzidisha namba mara 64 na kujumlisha mara 48. Kompyuta inaifanya kazi hiyo kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho, na mwanafunzi aliyeimaliza bila kosa ametuonyesha uvumilivu tu.

Mwulizeni badala yake ni kipi kitangulie, kuzungusha au kusogeza. Chukua nukta (1, 0). Izungushe nyuzi 90 kinyume cha saa inakuwa (0, 1), kisha isogeze hatua 5 kulia, inafika (5, 1). Sasa geuza mpangilio: isogeze kwanza inakuwa (6, 0), izungushe, inatua (0, 6). Hatua ni zile zile mbili, lakini mahali pa kufikia ni tofauti kabisa. Anayelielewa hilo anajua kwa nini gurudumu la gari lake linazunguka mahali pake au linatoka na kuruka angani. Swali hilo linajibiwa kwa dakika kumi, na halijibiki kwa kukariri.

Napendekeza mtihani wa kuandika ubaki na asilimia 30, majaribio madogo ya darasani asilimia 20, na nusu iliyobaki iwe ya kazi ambayo mwanafunzi ameitengeneza na kuitetea kwa mdomo.

5. Kunakili na kushirikiana vimewekwa kapu moja. Karatasi inasema wanafunzi wawili wakizungumzia kazi ya nyumbani wote wanapata sifuri. Nakubaliana nanyi kabisa kwamba kunakili ni wizi, na siku hizi kuna akili bandia inayoweza kuandika programu nzima kabla mwanafunzi hajamaliza kusoma swali. Lakini ufundi huu haujawahi kukua kwa watu kunyamaziana. Mwaka 2005 programu ya gemu la Quake III Arena, lililotoka mwaka 1999, ilifunguliwa kwa umma, na ndani yake watu wakakuta mistari michache ya ajabu inayokadiria haraka moja juu ya kipeuo cha pili cha namba, hesabu inayohitajika kila mara vekta inapofanywa iwe na urefu wa 1. Wengi walidhani ni ya John Carmack, mtunga programu wa gemu hilo. Ilipofuatiliwa, ikaonekana ilikuwa imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla yake, akiwamo Greg Walsh. Vizazi vya watunga programu vimejifunza kwa kuichambua mistari ile.

Dawa ya wizi ni utetezi wa mdomo. Mwite mwanafunzi, fungua kazi yake, badilisha namba moja, umwulize kitatokea nini kabla ya kuiendesha. Aliyenakili atajulikana upesi, awe amenakili kwa rafiki au kwa akili bandia. Aliyejadiliana na wenzake na akaelewa atajulikana vilevile, na huyo hana kosa.

6. Kuchelewa. Mlango unafungwa baada ya dakika kumi, na aliyekosa mara tatu hafanyi mtihani. Mjini ambako miaka ya karibuni mafuta yamekuwa yakiadimika mpaka watu wakatembea kwa miguu kutoka Kanyosha hadi katikati ya mji, sharti hili linamwadhibu mtu kwa kukaa mbali. Liondoeni.

7. Lugha. Karatasi inasema maelezo yote yawe kwa Kifaransa fasaha na makosa ya lugha yanapunguza alama. Sina ugomvi na Kifaransa, nimesoma kwa lugha hiyo na naitumia kazini. Ninachokiona jioni ni mwanafunzi anayemweleza mwenzake mgongano wa miduara miwili kwa Kiswahili au Kirundi bila kukwama (jumlisha nusu vipenyo, linganisha na umbali wa vitovu, basi), kisha akitakiwa kuandika anapoteza nusu saa akiogopa vitenzi. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na wakuu wa Jumuiya walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2021. Ruhusuni utetezi wa mdomo ufanyike kwa lugha yoyote kati ya zile zinazofundishwa katika shule zetu. Katika kozi ya hisabati, alama zitolewe kwa hisabati.

Najua wapo miongoni mwenu watakaosema gemu ni mchezo na nchi ina shida kubwa zaidi. Nawaomba muitazame Cameroon. Kampuni ya Kiro'o Games ilianza Yaoundé mwaka 2013, katika mji ambao umeme nao hukatika, na mwaka 2016 ikatoa Aurion, gemu lililojengwa juu ya hadithi na mila za Kiafrika na kuuzwa duniani kote. Vijana waliolitengeneza walihitaji vekta na matriksi hizi hizi. Na hisabati hii haikai ndani ya gemu peke yake. Anayejua kuyatiririsha maji ya kubuni juu ya ardhi ya kubuni kwenye kioo hayuko mbali na kazi ya kukadiria maji ya mto Ntahangwa yatakula kingo wapi mvua zikizidi, au Ziwa Tanganyika likipanda litafika nyumba zipi za Gatumba. Nchi hii inawahitaji watu wa namna hiyo haraka, na wengine wao mwaka huu wameketi nje ya chumba cha mtihani kwa sababu basi halikuja.

Kwa hiyo, kabla ya usajili wa semista ijayo, naomba mambo matatu. La kwanza, kila idara ibandike ubaoni ukurasa mmoja wa kozi hii wenye matarajio, mahitaji ya kuingia na mgawo wa alama, ili mwanafunzi ausome kabla ya kulipa ada. La pili, masharti ya laptopu, saa sita usiku, sifuri bila maelezo na mlango uliofungwa yasimamishwe mpaka yajadiliwe. La tatu, iwepo njia ya rufaa: mwanafunzi aliyepewa sifuri asikilizwe na mwalimu wa pili ndani ya siku saba.

Waliozuiwa kufanya mtihani semista hii kwa ajili ya kuchelewa, naomba waingizwe kwenye mtihani wa marudio bila kulipishwa upya.

Mkiitisha kikao nitakuja, saa yoyote na chuo chochote. Ukurasa mmoja wa mfano nimeshauandaa na nitaufikisha kwa idara yoyote itakayouomba. Nitafuatana na yule kijana ambaye mhusika wake alipenya sakafu. Amekwisha kulirekebisha kosa, na naomba yeye apewe nafasi ya kusema kabla yangu.

Wenu kwa heshima,

Mtunga programu na msaidizi wa wanafunzi
Buyenzi, Bujumbura